Mtandao Umeona Nini? Ujifunzaji wa Mashine katika Uchambuzi wa Picha za Atomi Baridi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mitandao ya neva inavyotumika kuchambua picha za atomi zilizopozwa hadi karibu na sifuri kamili, na inauliza ni lini jibu la mtandao linaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi wa kifizikia. Mfano mkuu ni picha za darubini ya gesi ya kwanta ya Chuo Kikuu cha Harvard, zilizochambuliwa na Bohrdt na wenzake (2019). Hoja inayotetewa ni kwamba usahihi wa uainishaji pekee hautoshi. Mtafiti anawajibika kuonesha ni alama gani ndani ya picha iliyoupa mtandao uamuzi wake, na kwamba alama hiyo ni ya maada yenyewe, si ya mtambo wala ya programu iliyozalisha data.

Istilahi muhimu: ujifunzaji wa mashine, mtandao wa neva, fizikia ya kwanta, modeli ya Hubbard, ufasiri

1.0 Utangulizi

Mwaka 1963 mwanafizikia John Hubbard alieleza mwenendo wa elektroni ndani ya fuwele kwa modeli yenye kanuni mbili tu. Elektroni inaweza kuruka kutoka kituo kimoja hadi kituo jirani. Na elektroni mbili zikikaa katika kituo kimoja, mfumo hulipa gharama ya nishati. Pamoja na ufupi huo, modeli ikitandazwa juu ya bapa la mraba, hakuna aliyewahi kupata suluhisho lake kamili. Sababu ni wingi wa mipangilio. Kituo kimoja kinaweza kuwa kitupu, kuwa na elektroni yenye spini ya juu, kuwa na yenye spini ya chini, au kuwa nazo zote mbili. Hizo ni hali nne. Vituo 80 basi vina mipangilio 4 kwa kipeo cha 80, namba yenye tarakimu 49, na fizikia ya kwanta inautaka mfumo uhesabiwe kana kwamba umo katika mipangilio hiyo yote kwa pamoja, kila mmoja na uzito wake.

Hamu ya kuielewa modeli hii iliongezeka baada ya mwaka 1986, pale Georg Bednorz na Karl Alex Müller walipogundua kwamba oksidi fulani ya shaba hupitisha umeme bila ukinzani katika halijoto iliyo juu kuliko ya vipitishi vyote vya aina hiyo vilivyojulikana hapo awali. Wanafizikia wengi wanaona kwamba kiini cha tabia hiyo kimo ndani ya kanuni mbili za Hubbard. Kwa kuwa kompyuta haiimudu hesabu yake, baadhi ya watafiti waliamua kuijenga modeli yenyewe kwa atomi halisi, kisha kuipiga picha. Picha zikapatikana kwa maelfu. Hapo likazuka swali jipya: zisomwe vipi?

Makala hii imetokana na sura ya mbinu ya tasnifu yangu ya uzamivu. Nimeitenga kwa sababu suala linaloshughulikiwa linamgusa pia mtahini asiyekuwa mwanafizikia ambaye, katika miaka hii, anazidi kuletewa kazi zinazosema: "mtandao uliainisha data kwa usahihi wa kiwango hiki." Anahitaji kujua aulize nini baada ya sentensi hiyo.

2.0 Kile kilichomo ndani ya picha

Msomaji aliyecheza bao anaweza kuanzia hapo. Miali ya leza ikikutanishwa kwa pembe maalumu hutokeza safu za vishimo vya mwanga vilivyopangika kama mashimo ya ubao wa bao, ila umbali kati ya kishimo na kishimo ni chini ya mikromita moja. Atomi zilizopozwa huingia humo kama kete. Katika jaribio tunalolizungumzia atomi hizo ni za lithiamu-6, ambazo zinafuata sheria ileile inayozitawala elektroni: mbili zenye spini moja haziwezi kukaa katika kituo kimoja zikiwa na hali ileile. Kwa hiyo atomi inashika nafasi ya elektroni, na kishimo cha mwanga kinashika nafasi ya kituo cha fuwele.

Darubini ya kuziona atomi hizi mojamoja katika vituo vyake ilionekana kwanza Harvard mwaka 2009, ikafuatiwa na ile ya Munich mwaka 2010. Zote mbili zilitumia atomi za rubidi. Zile za atomi zinazofanana kitabia na elektroni zilifuata mwaka 2015. Utaratibu wake ni huu: mwendo wa atomi husimamishwa ghafla kwa kukizidishia kina kila kishimo, kisha atomi humulikwa hadi zing'ae. Lakini atomi mbili zilizomo katika kishimo kimoja hufukuzana kwa mwanga huohuo na kutoweka. Kwa hiyo darubini haihesabu kete. Inachosema ni kama idadi ni witiri au shufwa, na shufwa huonekana kama kitupu.

Si hilo tu. Ili kuzitambua spini, kabla ya kupiga picha wajaribio huziondoa kwa leza atomi zote zenye spini ya upande mmoja. Doa jeusi katika picha ya namna hiyo, basi, lina maana tatu: huenda palikuwa na atomi ya spini iliyoondolewa, huenda palikuwa patupu tangu mwanzo, huenda palikuwa na atomi mbili. Picha haisemi ni ipi kati ya hizo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu makala nyingi za kueneza sayansi huizungumzia picha ya darubini ya kwanta kana kwamba ni dirisha. Ni ushahidi uliopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kutufikia.

Kila upigaji wa picha huiharibu gesi iliyopigwa. Gesi nyingine hutayarishwa, picha nyingine hupigwa, na mpangilio unaoonekana safari hii hutofautiana na wa kwanza hata kama mtambo haukuguswa, kwa kuwa kila picha ni bahati nasibu iliyochezwa kwa uwezekano uliowekwa na hali ya kwanta. Kwa kawaida mtafiti hukusanya picha nyingi na kutafuta wastani: je, atomi ya hapa ikiwa na spini ya juu, jirani yake huwa na ya chini mara ngapi? Ni kwa njia hiyo Mazurenko na wenzake (2017) walionesha kwamba katika gesi ya takribani vituo 80, yenye atomi moja kwa kila kituo, spini hupishana juu na chini kama rangi za ubao wa drafti kutoka ukingo hadi ukingo.

Wastani wa vituo viwiliviwili ni kipimo kizuri, lakini hutupa sehemu kubwa ya yaliyomo katika picha. Jambo lolote linalojitokeza katika vituo vitatu, vinne au kumi kwa pamoja hupotea. Wazo la kuutumia mtandao wa neva lilitokana na upotevu huo.

3.0 Kufunzwa, kujifunza na kukariri

Istilahi "ujifunzaji wa mashine" imekwisha kuzoeleka, nami naitumia. Hata hivyo Kiswahili kinaturuhusu kuwa makini zaidi ya istilahi hiyo. Kitenzi "kujifunza" kina kirejeshi -ji-: anayefunza na anayefunzwa ni mmoja. Katika kazi nyingi zinazojadiliwa hapa mashine haijifunzi kwa maana hiyo, inafunzwa. Mtafiti huiletea picha zenye lebo ("hii ni ya kundi A, hii ni ya kundi B"), mashine hukisia, hukosolewa, na uzito wa viungo vyake vya ndani hurekebishwa kidogo kidogo hadi makosa yapungue. Katika kazi nyingine mashine huachiwa picha zisizo na lebo ili izipange yenyewe, na hapo -ji- ina mahali pake. Kuna hali ya tatu ambayo kila mwalimu anaifahamu: mwanafunzi aliyekariri. Mtandao uliokariri hujibu sawasawa kwa picha ulizoziona, ukakwama kwa picha mpya. Kwa ajili hiyo sehemu ya picha hufichwa wakati wa mafunzo, zikatumika baadaye kama mtihani.

Kufaulu mtihani huo ndiko kunakoripotiwa kama "usahihi". Tatizo, kama nitakavyoonesha, ni kwamba picha za mafunzo na picha za mtihani kwa kawaida hutoka chungu kimoja. Kasoro iliyomo katika za kwanza imo katika za pili, na mtandao unaoitegemea kasoro hiyo utafaulu vizuri sana.

Carrasquilla na Melko (2017) walilipa jambo hili uzito unaostahili kwa kuanzia pale ambapo jibu linajulikana. Walitumia modeli ya Ising, ambayo halijoto yake ya mpito kwenye bapa la mraba ilihesabiwa kikamilifu na Lars Onsager mwaka 1944; katika vipimo vya modeli hiyo ni takribani 2.269. Mtandao ulifunzwa kutofautisha mipangilio ya spini ya juu na ya chini ya halijoto hiyo, ukaupata mpito pale unapotakiwa kuwa. Hatua iliyofuata ndiyo muhimu kwetu. Mtandao uleule, bila kufunzwa upya, ulipewa mipangilio ya bapa la pembetatu, ambako mpito uko kwenye halijoto nyingine, takribani 3.641, na huko nako ukaukaribia. Waandishi hao walifungua ndani ya mtandao mdogo wa namna hiyo wakaonesha kwamba ulichokuwa ukikipima ni jumla ya spini, yaani usumaku wenyewe. Hapo tunaweza kusema mtandao umeona kitu cha kifizikia, na tunaweza kukitaja kwa jina.

Iko aina ya matumizi isiyohitaji ukaguzi huu, na ni haki kuitaja. Wigley na wenzake (2016), nchini Australia, waliiachia mashine kazi ya kurekebisha hatua za kupoza gesi ili ipatikane maada ya Bose na Einstein. Mashine ilifika kwenye hatua bora kwa marudio machache mara 10 kuliko mbinu iliyotumika awali. Mashine ikiwa imekosea, gesi haitapoa. Jaribio lenyewe linamsahihisha mwanafunzi. Mtahini wa kazi kama hiyo aulize tu kama gesi ilipoa.

4.0 Nadharia mbili mbele ya picha za Harvard

Ugumu huanza pale ambapo hakuna anayejua jibu. Ubao wa drafti ulioelezwa hapo juu hupatikana kila kituo kikiwa na atomi moja. Tukiziondoa baadhi ya atomi, hubaki matundu, na matundu hayo huhama. Ni katika hali hii ya matundu ndipo oksidi za shaba hupitisha umeme bila ukinzani, na ni hapa nadharia zinapotofautiana.

Nadharia ya kwanza ina asili yake katika pendekezo la Philip Anderson la mwaka 1987. Spini hufungamana mbilimbili, na ufungamano huo haukai mahali pamoja bali huhamahama kati ya majirani. Matokeo yake ni kimiminika cha spini, kisicho na mpangilio wa kudumu. Nadharia ya pili inaitwa nadharia ya nyuzi za kijiometri, nayo isichanganywe na ile nadharia mashuhuri ya nyuzi inayohusu chembe za msingi. Inasema kwamba mpangilio wa drafti haukutoweka, umefichwa tu. Tundu linapohama hatua moja, atomi iliyokuwa mbele yake hurudi nyuma kuchukua nafasi iliyoachwa, na hivyo spini yake hukaa katika mraba wa rangi isiyo yake. Tundu likipiga hatua tano, spini tano zimekaa pasipo pake, na njia yote hiyo ni uzi. Kama tungeweza kuyarudisha matundu yote kinyumenyume katika njia zake, ubao wa drafti ungeonekana tena.

Nadharia hizo mbili hutabiri wastani wa vituo viwiliviwili unaokaribiana mno. Bohrdt na wenzake (2019) kwa hiyo walizalisha kwa kompyuta picha za nadharia ya kwanza na picha za nadharia ya pili, wakaufunza mtandao kuzitofautisha, kisha wakauletea picha halisi za jaribio, ambazo hazina lebo. Hadi viwango vya kati vya matundu, mtandao ulielekea kuziweka picha halisi katika kundi la nyuzi.

Waandishi wanaitetea mbinu hii kwa kusema kwamba inatumia habari yote iliyomo katika picha, bila mtafiti kuipendelea nadharia fulani kwa kuchagua kipimo kinachoifaa. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba upendeleo wa kuchagua kipimo umeondolewa. Lakini umehamia mahali pengine, kwenye uchaguzi wa makundi. Mtandao uliofunzwa makundi mawili hauna neno la tatu. Ukiletewa picha ya hali ambayo hakuna nadharia iliyowahi kuieleza, utaiweka A au B, na pengine kwa kujiamini sana. Kwa hiyo matokeo ya mwaka 2019 yanatuambia kwamba kati ya picha hizo mbili za kinadharia, moja inafanana zaidi na maumbile. Hayatuambii kwamba nyuzi zipo. Waandishi wenyewe walichagua maneno yao kwa tahadhari. Wanaowanukuu si wote wanaofanya hivyo.

5.0 Mtandao unaposoma mtambo

Naeleza sasa kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike sura hii upya.

Nilipokuwa nikijizoeza mbinu ya Bohrdt na wenzake, nilitunga programu mbili ndogo. Ya kwanza ilitawanya matundu juu ya ubao wa drafti kibahati. Ya pili iliyatembeza matundu yakaacha nyuzi nyuma yake. Mtandao ulizitofautisha picha hizo kwa usahihi uliozidi matarajio yangu, na nilikwisha kuanza kuandika aya ya matokeo. Msimamizi wangu aliisoma akaandika pembeni maneno matatu: "Mtandao umeona nini?" Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kuzivuruga picha za mtihani: ndani ya kila picha nikazihamisha atomi na matundu ovyo, idadi yake ikabaki ileile. Uzi ni suala la nani yuko karibu na nani. Picha ikivurugwa hivyo, uzi haupo tena. Usahihi ulipaswa kuanguka hadi kuwa sawa na kurusha sarafu. Ulishuka kidogo tu.

Kasoro ilikuwa ukingoni. Katika programu ya pili, tundu lililokanyaga nje ya ubao lilifutwa. Picha za nyuzi, kwa hiyo, zilikuwa na matundu pungufu kwa wastani, na mtandao ulikuwa umegundua njia rahisi kuliko fizikia: ulihesabu. Niliporekebisha ukingo, usahihi ulipungua sana, na jaribio la kuvuruga likafanya kile lilichotakiwa kufanya. Aya ya matokeo niliifuta.

Kosa la aina hii si la wanafunzi peke yao kukutana nalo. Kundi la watafiti wa Hamburg lilikabiliana na la namna yake likiwa na data halisi. Rem na wenzake (2019) walikuwa wameutumia mtandao uliofunzwa kwa lebo kuchora ramani kamili ya hali za modeli ya Haldane, ambamo hali hutofautiana kwa namba nzima ya kitopolojia: -1, 0 au +1. Modeli hiyo hutekelezwa kwa kuutikisa wavu wa mwanga kwa mzunguko. Matokeo yake ni kwamba picha hubadilika kulingana na wakati ndani ya mzunguko ambapo atomi ziliachiliwa, ingawa hali ya maada ni ileile. Kwa mtandao wenye lebo hilo linavumilika. Kwa mashine iliyoachiwa kujipangia yenyewe ni hatari, maana inaweza kuzipanga picha kwa wakati wa mtikiso badala ya topolojia, na mpangilio huo utaonekana nadhifu kabisa. Käming na wenzake (2021) walilazimika kwanza kuzichakata picha zote ziwe kana kwamba zilipigwa katika nukta moja ya mzunguko. Baada ya hapo ndipo mbinu zisizo na lebo zilipoitoa ramani ya Haldane. Katika kazi hiyohiyo walitumia kipimo cha ushawishi, kinachoonesha ni picha zipi za mafunzo zilizochangia zaidi uamuzi fulani. Ni kama kumuuliza shahidi: habari hii umeipata kwa nani?

6.0 Kuufungua mtandao

Jaribio la kuvuruga linaweza kutuambia kile ambacho mtandao haukuona. Kutaja kile ulichokiona ni kazi ngumu zaidi, na kwa picha za modeli ya Hubbard hatua kubwa ilipigwa na Miles na wenzake (2021).

Mtandao wa kawaida wa picha hupitisha vichujio vidogo juu ya picha, kisha huchanganya matokeo kwa hesabu ambazo haziwezi kutafsiriwa kwa lugha ya fizikia. Miles na wenzake walizibadilisha hesabu hizo. Katika mtandao wao kila kichujio hutoa vipimo vinavyojulikana: kipimo cha kituo kimoja, cha vituo viwili kwa pamoja, cha vitatu, cha vinne. Uamuzi wa mwisho ni jumla yenye uzito ya vipimo hivyo, na mtafiti anaweza kuubana mtandao utumie vichache iwezekanavyo, kisha aulegeze polepole huku akitazama ni kipi kinachoingia kazini kwanza. Mwanafizikia anayetazama haoni tena kisanduku cheusi. Anaona orodha ya vipimo ambavyo angeweza kuvihesabu mwenyewe kwa kalamu kutoka katika picha zilezile.

Walipoutumia kwa picha za kompyuta za nadharia mbili zilizotajwa, jibu lilikuwa mahususi. Alama kuu inayotenganisha nadharia hizo ni uhusiano wa vituo vinne unaozihusisha spini na matundu kwa pamoja. Hili linaeleza kwa nini wastani wa vituo viwiliviwili haukuweza kuzitenganisha, na linalingana na maana ya uzi: tundu upande mmoja, na spini zilizokaa pasipo pake kando yake. Kwa mara ya kwanza katika mjadala huu mtandao ulitoa kitu kinachoweza kukanushwa bila mtandao. Mtu mwenye mashaka anaweza kuchukua picha za darubini, akahesabu uhusiano huo wa vituo vinne, akaona kama umo au haumo, wala asimuulize mtu lolote kuhusu uzito wa viungo vya neva.

Ikumbukwe kwamba uchambuzi huo wa Miles na wenzake ulifanywa juu ya picha za kompyuta. Picha halisi zina madoa yenye maana tatu niliyoyaeleza katika sehemu ya pili, zina atomi zilizopotea wakati wa kumulikwa, na zina halijoto isiyolingana barabara na ile ya nadharia. Uhusiano wa vituo vinne pia unahitaji picha nyingi kuliko wa viwili ili kelele ipungue, na kila picha ni gesi nzima iliyotayarishwa na kuharibiwa. Kwa hiyo ninapowasilisha matokeo ya mtandao katika tasnifu yangu, kila namba ya usahihi imewekwa katika jedwali pamoja na jirani zake tatu: usahihi baada ya kuvuruga picha, usahihi baada ya kusawazisha idadi ya atomi, na usahihi kwa picha zilizozalishwa na programu ambayo sikuiandika mimi. Kiambatisho kina pia majedwali ya programu ile ya kwanza, yenye kasoro ya ukingo, kama yalivyokuwa kabla sijaigundua, ili mtahini aweze kuona sura ya matokeo mazuri yasiyo na kitu ndani yake.